Harusi Yenye Wenyewe

Mwambie mama wa Kitanzania kwamba harusi ya mwanawe itakuwa ya kishamba, umemtukana. Mwambie itakuwa shambani, atakuuliza shamba la nani, na je, mvua? Shina la maneno hayo ni moja, lakini la kwanza linamvunjia heshima na la pili linamkaribisha. Vijana wengi wanaotaka kuoana mbali na kumbi za mjini, chini ya migomba au kwenye uwanja wa nyumba ya babu, hukwama hapo. Wanachokitaka wanakijua, wamekiona kwenye picha, ila wakikitaja kwa Kiswahili wazee wanasikia kitu kingine. Nami naamini Kiswahili kina karibu kila neno wanalolihitaji, na kwamba anayeyatafuta maneno hayo kabla ya kikao cha kwanza ataiandaa harusi yake vizuri zaidi.

Tuanze na ki-. Kiambishi hiki kikitangulia jina la mtu au mahali hutupa namna: kifalme, kitoto, kizungu, kikwetu. Hakituambii kitu kiko wapi, kinatuambia kinafanana na nani. Ndiyo sababu kifalme ni sifa na kitoto ni lawama. Kishamba nacho kinamfuata mshamba, na mshamba ameonewa na lugha yetu kwa muda mrefu. Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliupima uungwana kwa kuishi mjini: nyumba ya mawe, msikiti wa Ijumaa, baraza la nje, kanzu safi. Aliyekaa nje ya mji, hata kama mji ulikula jasho lake, aliitwa mtu wa shamba, na ushamba ukawa jina la kutojua kuvaa, kutojua kusema na kutojua kula na watu. Neno lilipopanda bara lilipanda na doa lake. Leo mtoto wa Kariakoo anamwita mwenzake mshamba kwa kutojua simu mpya, na huyo mwenzake huenda hajawahi kushika jembe.

Kiambishi -ni hakina hukumu. Kanisani, mezani, sokoni, shambani: ni mahali tu, na msikilizaji anabaki huru kupaonea fahari au kutopaonea. Ninayasema haya kwa sababu nimeona kadi za mwaliko na matangazo ya wapambaji yenye maneno "harusi ya kishamba", yameandikwa na watu wenye nia njema kabisa. Walitaka kusema kwamba meza zitakuwa za mbao zisizopakwa rangi, kwamba maua yatachumwa uani, kwamba watu watakaa kwenye majamvi wakipenda. Waliyoyaandika yanasomeka kama onyo kwa wageni.

Hata ukishaikubali -ni, bado una kazi ya kuchagua mahali pa kuibandika, maana Kiswahili hakijui "mashambani" ya aina moja. Mkenya akisema mashambani anazungumzia nchi nzima iliyo nje ya miji. Akiwa na vijana wenzake Nairobi atasema ushago au ocha. Mzanzibari akisema shamba anaweza kuwa anamaanisha sehemu yoyote ya kisiwa nje ya Mji. Mtanzania wa bara ana kijijini, neno lililopata hadhi ya kiserikali baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, pale kijiji kilipokuwa mpango wa nchi na mwanakijiji akawa mlengwa wa kila hotuba. Kisha ana nyumbani, na hili nalipenda kuliko yote. Mtu aliyezaliwa Dar es Salaam, akasoma Dar es Salaam, akapanga nyumba Kinondoni, Desemba ikifika anakwambia "naenda nyumbani", na unamwona anapanda basi la Moshi, safari ya kutwa nzima. Anapolala siku zote ni kwake. Nyumbani ni kule waliko wakubwa wake, hai na marehemu.

Wachaga wana neno lao ambalo wazungumzaji wa Kiswahili wa Kilimanjaro hawaoni haja ya kulitafsiri: kihamba. Ni shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake. Migomba iko juu, kahawa iko chini yake, mfongo wa maji unapita pembeni, ng'ombe wamefungiwa bandani, na makaburi ya wakubwa yako humo humo. Wahaya wa Kagera wana kibanja, chenye maana ya jirani. Harusi ya kihambani na harusi ya bustanini zinaweza kupigwa picha zikafanana, nyasi zile zile na vivuli vile vile, lakini ni vitu viwili. Bustani ya kukodi ina mwenyewe, ambaye si mmoja wa wanaooana. Saa nne usiku atakuja kuhesabu viti vyake. Kihamba kina wenyewe ambao watakuwa wenyewe hata kesho, na wengine wao wamelala pale chini.

Kwa ajili hiyo sipendi maneno "mazingira ya asili" wanayoyatumia wenye kumbi za nje wanapojitangaza. Asili ni kile kisichopandwa na mtu. Mgomba wa kihambani ulipandwa. Ule mti mkubwa unaokatia kivuli kahawa uliachwa makusudi na mtu mwenye jina, pengine babu yake babu, alipokuwa akisafisha pori. Mfongo ulichimbwa kwa jembe na ukagawiwa kwa zamu. Tukiyaita yote hayo asili tunawafuta waliofanya kazi. Kwenye harusi, mahali ambapo ukoo unakuja kuonana, kuwafuta ni kosa zaidi.

Hapa ni haki kusema mtindo wenyewe umetoka wapi. Picha zinazofika kwenye simu zetu nyingi ni za Marekani na Uingereza: ghala la zamani la nafaka lenye boriti nene, taa ndogo ndogo zimening'inizwa darini, magunia yametandikwa mezani, maua yametiwa kwenye chupa za jamu. Kule England na Wales sheria ilichangia. Mpaka miaka ya 1990, aliyetaka ndoa ya kiserikali alikuwa hana budi kwenda ofisi ya msajili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1994 ndiyo iliyofungua njia ya kuidhinisha majengo mengine, yakiwemo ya mashambani. Mkulima mwenye ghala tupu alipata kitu cha kuliingizia kipato, na wanaooana wakapata mahali pasipo na sura ya ofisi.

Neno la Kiswahili la jengo hilo linategemea ulivyoliona. Likiwa la kuhifadhia nafaka ni ghala. Likiwa la mifugo ni banda au zizi. Naomba mtu asimwambie mama mkwe "sherehe itakuwa bandani", kwa sababu banda kwetu ni la kuku na la ng'ombe, na pia ni jina la nyumba ya aliyeshindwa kujenga. Hatuna neno moja la ghala lililosafishwa likawa ukumbi kwa sababu kitu chenyewe hatuna, na sioni sababu ya kulilazimisha. Tunacho kitu kingine: uwanja wa nyumba, uliofagiliwa alfajiri kwa mifagio ya chelewa, ukanyunyiziwa maji ili vumbi lilale. Uwanja unatosha kuwa neno.

Gunia, hata hivyo, lina historia zaidi kwetu kuliko wanavyodhani wanaoliiga. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katani yake ikawa kamba na magunia ya nchi nyingi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na nyumba nyingi za vihambani bado zina gunia la kahawa lililokunjwa stoo. Bibi harusi anayenunua kitambaa kipya cha gunia dukani Dar es Salaam ili meza yake ifanane na ya picha ananunua mfano wa kitu ambacho bibi yake anacho halisi. Gunia la bibi lina alama za wino zilizofifia na kiraka cha uzi wa rangi nyingine. Kila mjomba atakayepita mezani atalijua. Hilo ndilo la kutandika.

Nimefika kwenye neno gumu kuliko shamba. Wanaooana wa leo wanataka harusi iliyo yao hasa, inayofanana nao, ambayo mtu akiingia anajua ni ya hawa wawili na haiwezi kuwa ya wengine. Tuiteje? Watangazaji wanasema "harusi binafsi". Lakini binafsi kwa Kiswahili cha kila siku ni kinyume cha umma: shule binafsi, gari binafsi, mambo yangu binafsi. Ukimwambia shangazi ni harusi binafsi ataelewa hakualikwa. Wengine wanasema "ya kipekee", na neno hilo limetumika kwenye mabango mengi kiasi kwamba kila ukumbi una kifurushi cha kipekee, kile kile kwa kila mteja. "Ya aina yake" ni nzuri kidogo, ila inamsifu mtazamaji aliyeshangaa kuliko waliofanya.

Ninalolipendekeza limekuwepo vinywani siku zote: harusi yenye wenyewe. Tunasema mji una wenyewe, ngoma ina wenyewe, na msikilizaji anajua kwamba huingii tu na kucheza unavyotaka. Pana watu wanaokujua ulikotoka, pana namna ya kufanya. Uzuri wa mwenyewe ni kwamba ana maana mbili kwa pumzi moja. Mwenyewe ni mwenye mali, na mwenyewe ni nafsi: "amekuja mwenyewe", "nimepika mwenyewe". Harusi yenye wenyewe, basi, ni ile ambayo wenye nayo wanajulikana, na ambayo wenyewe wameifanya kwa mikono yao. Maana zote mbili ndizo wanazozitafuta vijana hawa, na zinakaa ndani ya neno moja bila kusukumana.

Ila neno hilo linakuja na swali: wenyewe ni nani? Chukua kadi yoyote ya Tanzania uisome. Inaanza na familia ya Bwana na Bibi fulani, yenye furaha kukualika kwenye harusi ya kijana wao mpendwa. Wanaooana wako mstari wa tatu. Pwani wanaoitwa wenye shughuli ni wazazi na ndugu, na bibi harusi ni mtu anayefanyiwa. Sarufi ya kuoa yenyewe inabeba mgawo huo: kijana anaoa, binti anaolewa, baba anaoza, au anaozesha kama wengi wasemavyo sasa. Kuoana, ile hali ya wawili kutendana kwa usawa, ni kauli inayopendwa na vijana, nami nafurahi kuisikia ikizidi kusemwa. Lakini wanaooana wakija na wazo la kuandaa kila kitu wawili peke yao, kwa sababu harusi ni yao, wazee hawakatai kwa ukaidi. Wanasikia wameondolewa kwenye orodha ya wenyewe. Nimeona vikao vikivunjika kwa hilo, na aliyelaumiwa alikuwa turubai.

Dawa yake iko kwenye maneno ya zamani, na hapa naomba tukae kidogo.

Kamusi kongwe za Kiswahili zimehifadhi majina ya vitu vilivyotolewa pamoja na mahari kwenye miji ya pwani, na Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa na Carl Velten mwaka 1903, ni mmoja wa walioandika kwa Kiswahili jinsi mambo hayo yalivyokwenda. Baba wa binti alipewa kilemba. Mama alipewa mkaja, na mkaja ni ule mshipi wa nguo mwanamke anaojifunga tumboni baada ya kuzaa. Mama huyo huyo alipewa ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Angalia lugha ilivyofanya. Binti ana miaka ishirini, anaondoka na mume, na siku hiyo anatoka mtu kumlipa mama yake mshipi wa siku arobaini za uzazi na kitambaa cha mgongoni. Kiasi cha fedha kilibadilika na kilipatanwa. Jina halikubadilika, na kila lilipotamkwa mbele ya watu lilisema mama huyu alizaa, mama huyu alibeba. Sijui zawadi ya dukani iwezayo kusema hivyo.

Kisha kulikuwa na vile vidogo: kiosha miguu, kwa aliyemwosha miguu bwana harusi alipofika, kifungua mlango, kwa waliouzuia mlango mpaka walipwe, kipa mkono, cha bwana harusi kumpa bibi harusi mwenyewe. Umbo lao ni lile la kifungua kinywa na kitinda mimba: ki-, kitenzi, kisha kinachotendwa. Ni umbo lililo hai mpaka leo, na kazi yake katika harusi ilikuwa kuhakikisha hakuna kazi isiyo na mtu, wala mtu aliyefanya kazi asiyetajwa. Mshenga alikuwa na jina lake, somo alikuwa na lake, na kungwi alikuwa na lake. Harusi ilishonwa kwa kipimo cha watu waliokuwepo.

Linganisha na orodha ya kikao cha leo. Ukumbi. Mapambo. Chakula. Vinywaji. Keki. Muziki. Picha na video. Usafiri. Mshereheshaji, au emsii kama wengi tunavyosema. Mbele ya kila kimoja pana kiasi cha fedha, na chini ya yote jumla, ahadi, zilizokwisha kulipwa, na salio. Kamati ya harusi ni kitu kizuri. Michango ndiyo inayowawezesha watu wa kipato cha kawaida kuoana kwa heshima, na simu zimeifanya rahisi. Lakini orodha ile ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Ukiondoa majina mawili ya juu, huwezi kujua ni ya nani. Ni orodha ya vitu, na ile ya zamani ilikuwa ya watu. Anayetaka harusi yenye wenyewe aanze kwa kuandika watu: nani atamwosha nani miguu.

Wala si lazima turudie kazi zile zile. Umbo la ki- linatupa ruhusa ya kutunga. Kihambani barabara hujipinda, vibao hakuna, na ramani ya simu humwacha mgeni kwenye geti la shule ya msingi. Vijana wa ukoo husimamishwa kila njia panda. Wapeni jina na haki yao: kionyesha njia, bahasha ndogo, itangazwe na mshereheshaji mbele ya watu kama kifungua mlango kilivyotangazwa. Wapo akina mama waliokesha wakimenya ndizi; wana haki ya kimenya ndizi. Maneno haya hayamo kwenye kamusi, lakini msemaji yeyote wa Kiswahili akiyasikia mara moja ameyaelewa.

Majina ya wafanyakazi wa siku hizi nayo yanataka uangalifu. "Mpangaji wa harusi" nalisikia redioni na linanikera, kwa sababu mpangaji ni mtu aliyepanga chumba na kodi yake inaisha mwisho wa mwezi. Mratibu ni neno safi. Kitenzi chenyewe pia kina mbadala: badala ya kupanga harusi, tuandae harusi. Kuandaa tangu zamani ni kutengeneza chakula na kukiweka tayari kwa watu, na maandazi yametoka humo. Mpambaji ni anayepamba, kwa kazi na kwa malipo. Mpambe ni mwingine kabisa. Ile -e ya mwisho, kama katika mteule na mtume, inaelekeza kwa aliyetendwa: aliyeteuliwa, aliyetumwa, aliyepambwa. Mpambe alikuwa msichana aliyepambwa akaenda ubavuni mwa bibi harusi. Siasa zimemchukua mpambe zikamfanya mfuasi wa kumsifia mkubwa, na natamani harusi zimrudishe.

Sasa tuone kwa karibu harusi ya namna hii inavyoandaliwa Kilimanjaro, maana istilahi bila kazi ni maandishi ya ukutani. Kwanza majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hunyesha vibaya upande wa kusini wa mlima, na njia ya udongo mwekundu yenye mteremko haina habari na gari lililopambwa kwa riboni. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ni kikavu zaidi, lakini baridi yake inamtaka bibi harusi wa mabega wazi awe na shali. Desemba watu wote wako nyumbani, kwa hiyo hakuna wa kumsafirisha, na mashangazi wote wapo. Kisha tarehe za sheria na dini: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na makanisa yana matangazo yao ya Jumapili. Ndoa yenyewe kwa wengi itafungwa kanisani. Kihambani ni sherehe. Ni vyema kuyatenganisha maneno hayo mawili mapema, kwa sababu ndoa ndiyo inayobaki watu wakishaondoka, na sherehe ndiyo inayohitaji jenereta.

Mbege, pombe ya ndizi, ndiyo huanza. Ndizi mbivu huchemshwa muda mrefu na kuachwa zichachuke; ulezi uliooteshwa, yaani kimea, husagwa, hupikwa uji na kuchanganywa; gome la msesewe hutia uchungu wake. Ni kazi ya siku kadhaa, na mwenye kuipika hapokei amri ya ratiba ya kamati, kamati ndiyo inayomfuata. Chakula kina majina yake: mtori, machalari, kiburu. Yaandikeni hivyo kwenye karatasi ya mezani, bila kuongeza "cha kiasili".

Kwa mapambo, mmea wa kwanza uko uani tayari: isale. Majani yake marefu membamba yanapendeza kwenye lango. Lakini mratibu aliyetoka mjini ajue kwamba isale si jani tu. Kwa Mchaga ni alama ya mpaka wa kihamba na ni jani la kuombea msamaha. Aliyekosana na ndugu yake anamwendea nalo. Lango la masale linawaambia wageni kwamba hapa pana mpaka na hapa pana amani, na mwenye kujua ataingia akiwa ameshaacha ugomvi nje. Mpambaji aliyeelezwa hivyo hatayachanganya na riboni za plastiki.

Kisha ndafu. Mbuzi mnono amechunwa, amechomwa mzima taratibu pembeni mwa makaa tangu usiku na wanaume wanaopokezana, ngozi ya nje ya nyama imekuwa ya kahawia iliyoiva na mafuta yanang'aa. Amesimamishwa kwenye ubao kwa miguu yake minne, kichwa juu, majani mabichi mdomoni. Anaingia akiwa amebebwa, watu wanacheza mbele na nyuma yake, vigelegele vinapigwa. Bibi na bwana harusi wanashika kisu kimoja. Kumbi za mjini zimemweka ndafu mezani karibu na keki, na mara nyingi humwita keki ya Kichaga. Ndafu hahitaji kuazima jina la keki. Keki inakatwa vipande sawa. Mbuzi wa ukoo ana kidari, shingo, mapaja na figo, na kila sehemu ina mtu wake kwa nafasi yake katika ukoo. Mzee anayegawa anajua nani anapata nini, na akikosea ataambiwa papo hapo. Wageni wa Dar es Salaam wakielezwa hilo kwa maiki, kwa dakika mbili, watakuwa wameuona ukoo wote kwa majina.

Baada ya sherehe kuna neno moja la mwisho la kuokoa. Fungate. Zamani, kabla saba ya Kiarabu haijaenea, fungate ilikuwa hesabu ya saba, pamoja na tandatu na kenda, na siku saba za bibi na bwana harusi kukaa ndani wakiletewa chakula zikaitwa hivyo. Sasa fungate ni tiketi ya ndege na hoteli ya ufukweni. Ni vizuri aliye nayo akaenda. Lakini wanaooana kihambani wana nafasi ya fungate kwa maana yake: siku saba nyumbani, mlango mmoja, shangazi akileta chakula bila kuulizwa, na asubuhi kwenda kumsalimia kila mzee aliyeshindwa kufika kwa sababu ya miguu.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa harusi za namna hii mwaka huu: kabla ya kumpigia simu mpambaji, kaeni na bibi na babu mkiwa na daftari, na muwaulize majina. Jina la aliyeupanda ule mti. Jina la anayestahili kidari. Neno walilolitumia wao kwa kile mlichokiona kwenye picha. Na wachapaji wa kadi, wakiletewa "harusi ya kishamba", waifute na kuandika shambani, kisha wataje shamba la nani.